Siku Mtani wa Baba Alipokuwa na Adabu

Baba yangu ni Mmatumbi wa milimani. Alishuka akiwa kijana, akapita Nyamwage kwa miguu, akavuka mto, akafika Mbuchi kulima mpunga msimu mmoja tu. Msimu huo haujaisha hadi leo. Jirani yake wa shamba ni Mndengereko aliyezaliwa hapo hapo deltani. Baba yake naye alizaliwa hapo, na ukimsikiliza mwenyewe, hata Nabii Nuhu alipita hapo kuuliza njia.

Wazee wanabishana kama makabila yetu mawili ni watani wa asili au ni hawa wawili tu waliojiamulia. Mimi ubishi huo siuingii. Ninachojua ni kwamba nimekua nikiwasikia wakitukanana kila asubuhi, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuamka.

Mpunga unapoanza kutoa masuke, watu wa kwetu huhamia shambani kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu, ili kuwafukuza ndege na nguruwe. Dungu la baba linatazamana na dungu la mtani wake, katikati kuna mpunga na mfereji mwembamba. Kukipambazuka tu, sauti inavuka.

"Wee mpanda mawe, umeamka au mto umekuchukua?"

"Nimeamka," baba hujibu. "Nilikuwa najiuliza, nyie watu wa matopeni mkifa mnazikwa au mnapandwa?"

"Tunapandwa, na tunaota. Wewe siku ulipovuka mto mara ya kwanza ulipiga shahada, na maji yalikuwa magotini."

"Yalikuwa kiunoni."

"Magotini. Nilikuwepo."

Ubishi wa magoti na kiuno umedumu zaidi ya miaka arobaini na hakuna aliyesogea hata shubiri moja. Mtani alikuwa pia akija nyumbani kuchukua kuku bila kuomba, kwa sababu mtani akichukua kuku wako humshitaki. Unangoja zamu yako. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaficha kuku wazuri uvunguni mwa kitanda kila akimwona anakuja na kikapu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na domo ninalo tangu utotoni. Mama alikuwa akisema watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikipinga. Lakini kuna jambo moja ambalo domo langu halikulisema, na ni lazima nilitaje hapa ili hayo mengine yaeleweke.

Nilipokuwa msichana niliposwa na kijana wa hapo hapo Mbuchi. Barua ya posa ililetwa, baba akafurahi, mama akaanza kutafuta mikeka. Baada ya wiki mbili watu wakaja kuichukua barua yao, wakasema kijana amepata kazi Dar es Salaam na mambo yangoje. Baba akaamini. Mimi nikasikia kisimani sababu ya kweli: shangazi yake kijana alisema hawezi kuchanganya ukoo wake na wa kuja. Na shangazi huyo alikuwa dada yake mtani wa baba, baba mdogo wangu huyu niliyekuwa nikimwamkia kila siku.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia baba, angemkosa mtani wake. Baadaye nikapata mume Ikwiriri, mwema mno, anakoroma tu. Sikuwa na sababu ya kulia. Ila neno lile, wa kuja, lilibaki kama mwiba wa samaki uliokatikia kooni: unakula, unacheka, na bado upo.

Basi mwaka juzi nikachaguliwa kwenda semina ya siku tatu Kibiti, kuhusu ubaguzi katika jamii. Ukumbi ulikuwa na feni moja inayozunguka kwa kubembelezwa. Mwezeshaji, kijana mwenye miwani na sauti ya redioni, alituambia kwamba ubaguzi usiposemwa haufi, kwa hiyo tukauseme, tuuseme, na tukichoka tuuseme tena. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Nilitoka pale na fulana, daftari na kichwa kilichovimba.

Nikaanzisha mjadala kila Alhamisi darasani kwangu, baada ya watoto kutoka. Alhamisi ya kwanza ilikuwa nzuri, wala sisemi hivi kwa kujisifu. Alisimama mama mmoja muuza samaki, ambaye wazazi wake walitoka milima ile ile ya kwetu, akasema hivi: "Nimezika watoto wawili hapa. Lakini wakigawa maeneo ya kulima naambiwa ningoje kwanza wenyeji. Nizike wangapi ndipo niwe mwenyeji?"

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, na niliona anatafuta pa kuyaficha macho. Mgao uliofuata, majina yaliitwa kwa jinsi watu walivyojiandikisha, na mama yule akapata eneo zuri karibu na maji. Hilo lilitokea kwa sababu mtu alifungua kinywa.

Kama tungeishia hapo, leo ningekuwa na sanamu. Lakini dawa iliyoponya kwa kijiko kimoja, mimi niliona niwanyweshe chupa nzima.

Alhamisi ya tatu niliwaambia watu wakae kwa asili zao, wa delta upande wa madirisha, wa milimani upande wa mlango, ili eti tujione. Wakajiona kweli. Alhamisi ya nne sikuwaambia kitu, wakakaa hivyo hivyo wenyewe. Kulikuwa na akina mama wa kikundi cha kupalilia waliokuwa wakila sinia moja tangu ujana wao. Nikawakuta wamekuja na masinia mawili. Nikawauliza kwa nini. "Tusije tukakoseana, mwalimu," wakasema, wote kwa upole.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani linahitaji mwalimu kulifanya. Nilichukua karatasi kubwa ya manila na kalamu ya wino mwekundu, nikaandika maneno yote mabaya yasiyotakiwa kutamkwa kijijini. Niliwauliza vikongwe, nikachimbua. Mengine yalikuwa yamekufa tangu enzi za bibi zangu, hakuna aliye hai aliyewahi kuitwa hivyo. Mimi nikayafufua kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani nje ya ofisi ya kijiji. Baada ya siku mbili watoto walikuwa wakiyatumia yote kwenye mpira. Binti mmoja wa darasa la tatu alinifuata na daftari lake akaniuliza, "Mwalimu, hivi mimi ndiye nani kati ya haya?" Nikamwambia akacheze.

Mtani wa baba hajui kusoma. Siku moja alinisimamisha pale ukutani.

"Mwanangu, nisomee."

Nikamsomea, moja baada ya jingine. Nilipofika kwenye "mpanda mawe" akakohoa.

"Na hilo nalo?"

"Na hilo, baba mdogo. Linaumiza."

"Linamuumiza nani?"

"Watu," nikasema.

Alitazama karatasi muda mrefu kuliko mtu asiyejua kusoma anavyohitaji. "Basi nimesikia, mwalimu," akasema, akaenda zake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwalimu badala ya mwanangu. Mimi mjinga nikaona nimepandishwa cheo.

Msimu uliofuata nilikwenda kulala dunguni kwa baba wakati wa likizo. Asubuhi nikasikia: "Assalaam alaykum, jirani."

"Waalaykum salaam, jirani."

Kisha ndege tu. Baba alikaa na kikombe chake cha chai akitazama ng'ambo ya mfereji, kama mtu aliyeahidiwa kitu. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Kuku walijaa uani kuliko wakati wowote, na hakuna aliyekuja kuchukua hata kifaranga. Nikaandika kwenye ripoti yangu ya semina kwamba lugha ya kuudhi imepungua sana katika eneo letu. Niliipeleka Kibiti mwenyewe.

Baba alikuwa na ngiri kwa miaka, akiificha kwa mkono na kwa heshima. Mwaka jana ikamshinda. Tulimtoa Mbuchi kwa boti, halafu kwa gari hadi hospitali Kibiti. Daktari, mwanamke mpole mwenye umri wa mwanangu, akamweleza vizuri: ni upasuaji mdogo, kesho asubuhi, lakini usicheleweshwe, kwa sababu utumbo ukibanwa mambo yatakuwa mengine. Baba akakubali. Alikuwa mchangamfu, akamwuliza muuguzi kama akikatwa kidogo atarudishiwa kilichobaki. Alisema ataweka dole gumba kwenye fomu jioni, baada ya kula.

Saa ya kuona wagonjwa, mtani akaja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya sikukuu, mkononi mfuko wa machungwa. Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Assalaam alaykum. Pole sana, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akupe shifaa."

Baba alijibu salamu, akangoja. Nilimwona kabisa akingoja, uso tayari umeanza kucheka. Mtani akazungusha mfuko wa machungwa mapajani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umekuwa jirani mwema." Akainua mikono akaomba dua, akaaga kwa kutuinamia, akatoka.

Kicheko kilichokuwa njiani usoni mwa baba kikageuka kikarudi. Akanitazama.

"Daktari amemwambia nini?"

"Kamwambia nani, baba?"

"Yule. Ameambiwa nini ambacho mimi sikuambiwa?"

"Hakuna. Amekuja kukupa pole tu."

"Mtu huyu ananitukana tangu hujazaliwa," baba akasema. "Leo ananiambia mimi ni jirani mwema. Hayo ni maneno ya makaburini, mwanangu. Mimi nimeshakwisha na nyote mnajua. Nirudishe nyumbani, kama ni kufa nitafia dunguni."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Lakini muuguzi alipoleta fomu, baba alikificha kidole gumba ndani ya ngumi kama mtoto aliyeshika pipi, akageukia ukutani. Tulimbembeleza, daktari akaja, akamchorea hata picha. Hakufungua ngumi. Alisema hawezi kupasuliwa mtu ambaye ameshasomewa wasifu. Hapo kicheko kikaniisha, maana nilijua baba akishasema hapana, imekuwa hapana, na nilikuwa nimesikia vizuri daktari aliposema juu ya utumbo kubanwa. Niliogopa kumpoteza baba yangu kwa sababu ya adabu.

Nikatoka mbio. Mtani nilimkuta bombani nje ya wodi, akitawadha kwa ajili ya alasiri.

"Baba mdogo, rudi ndani ukamtukane."

Hata hakushangaa. Alimalizia mguu wa kushoto kwanza. "Siwezi, mwalimu. Uliandika kwa wino mwekundu."

"Nitaifuta ile karatasi. Nitaichana."

"Karatasi utaichana. Lakini uliniambia linaumiza." Akakaa kwenye ukingo wa bomba. "Mimi nilikwenda nikakaa dunguni nikahesabu. Nikaona, kumbe huyu mtu nimemuumiza kila siku ya Mungu, naye kwa wema wake akawa anacheka. Leo nimekuja kumwomba radhi. Nimefika pale, radhi ikakataa kutoka, nikasema yale uliyoyasikia."

Nilijisikia vibaya mno. Mzee wa watu amekaa peke yake mwaka mzima akijilaumu, kwa kosa ambalo halikuwa lake, kwa sababu mimi sikuwa na ujasiri wa kumtaja mwenye kosa. Basi nikasema. Nilisimama pale bombani, watu wakipita na ndoo, nikamwambia jambo nililolikalia tangu usichana: barua ya posa, maneno ya kisimani, dada yake. Nilimwambia kwamba mpanda mawe halijawahi kuniuma hata siku moja, lililoniuma ni lile jingine, na liliniuma kwa kuwa lilisemwa kwa siri na mtu aliyekuwa akinichekea.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Nilikwenda kwa dada yangu siku ile ile. Nilimtukana, na haukuwa utani. Miaka miwili hatukusemezana. Nikadhani nyie hamjui, nikanyamaza nisiwatonese." Akatikisa kichwa. "Kumbe Alhamisi zote zile, mwanangu, ulikuwa unazunguka hapo?"

"Nilikuwa nazunguka hapo."

"Ungelisema siku ya kwanza. Tungekaa Alhamisi moja tu, tukaenda kulima."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimesema juu ya ubaguzi mwaka mzima, mbele ya kijiji kizima, ili nisiseme langu. Yule muuza samaki alisimama mara moja, akasema lake, akakaa, na mambo yakabadilika. Mimi nilisema la kila mtu.

Akaswali kwanza. Halafu akavua kofia ya sikukuu, akaitia mfukoni, akaingia wodini kwa mwendo wake wa siku zote, wa mtu anayekuja kuiba kuku.

"Wee mpanda mawe."

Baba hakugeuka, ila nikaona sikio lake limesimama.

"Nasikia unamwogopa binti wa watu mwenye kiwembe kidogo. Mtu mzima hovyo. Ulipiga shahada kwa maji ya magotini, leo waniaibisha mbele ya wauguzi?"

Kisha kutoka ukutani: "Yalikuwa kiunoni."

"Magotini. Nilikuwepo, na kikoi changu hakikulowa."

"Hakikulowa kwa sababu ulikuwa umekibeba kichwani," baba akasema, akigeuka. "Uchi kama kambare. Wanawake wote wa Mbuchi wakafunga milango."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa ameshonwa jana yake, akaomba kwa jina la Mungu wasimchekeshe. Muuguzi akaja kutunyamazisha, akabaki kusikiliza. Baba alicheka akiwa ameishika ngiri yake kwa mikono miwili. Alipotulia alimtazama mtani wake, na sauti yake ikashuka.

"Nilidhani umenichoka," akasema. "Miaka yote nimeishi hapa sijawahi kujiona wa kuja, hata siku moja. Mwaka huu ndipo nilipoanza."

Hakuna aliyeniangalia, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha. Mtani alipangusa uso kwa kiganja.

"Tia dole, mpanda mawe," akasema. "Jogoo wako mwekundu nimeshamchukua asubuhi kabla sijaja. Ukifa itabidi nimrudishe kwa warithi, na mimi nimeshamchinja."

Baba akafungua ngumi.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Karatasi nimeibandua; upande wake wa pili ulikuwa mweupe, nikaandika hapo jedwali la kuzidisha, na watoto wamelishika vizuri karibu kama walivyoyashika matusi. Shangazi yule yu hai, anakaa karibu na msikiti. Nilimwendea, peke yangu, nikamwambia. Alichambua mchele wake muda mrefu, kisha akasema, "Nilisema. Nilisema hivyo hivyo." Hakuongeza neno, nami sikumdai jingine. Nilipoaga alinifungia mchele kwenye kanga na kunisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo magoti yake hayamruhusu. Tangu siku ile ninakula samaki bila kusikia mwiba.

Watu huniuliza kama mijadala ile ilikuwa kazi bure. Siwezi kusema hivyo, maana nimemwona muuza samaki akivuna kwenye eneo lake. Darasa langu liko wazi bado. Mwenye lake la kusema aje alitaje, amtaje na mwenye kosa, tusikilizane, tutengeneze. Asiye nalo simwiti tena kuja kulitafuta. Na akina mama wa kikundi wamerudi kwenye sinia moja, wenyewe, siku ambayo sinia la pili lilitoboka.

Msimu huu nilikwenda tena kulala dunguni kwa baba. Kulipopambazuka, sauti ikavuka mfereji.

"Wee mpanda mawe, uko hai?"

Baba alikuwa macho, nilimwona. Alikaa kimya, kikombe mkononi, anatabasamu.

"Wee mpanda mawe," sauti ikaita tena, sasa ina wasiwasi kidogo.

"Baba, mjibu," nikanong'ona.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mwaka mzima sikulisikia. Mwache arudie."